Tulikwenda Goma Kukimbia

Tuliondoka kijijini kwetu Kalengera kwa sababu mke wangu Faida hakuweza tena kukimbia Kalengera. Naomba nieleze vizuri, maana mwalimu mwenzangu nilipomwambia hivyo alidhani nimechanganyikiwa. Faida ni mkimbiaji wa kilometa kumi, na kabla hajashika mimba ni mwanamke mmoja tu mkoani aliyekuwa akimwacha nyuma. Kwetu, katika miaka hii ya vita, mtu mzima akipita mbio alfajiri hakuna anayeuliza amefikisha kilometa ngapi. Watu wanakunja magodoro.

Zamani walikuwa wamemzoea. Lakini alipoanza tena mazoezi, wiki ya saba baada ya kujifungua, jirani alinigongea mlango, sufuria kichwani na kamba ya mbuzi mkononi. "Mwalimu, bibi yako amekimbia na mutoto amemuacha," akaniambia. "Na weye unalala?" Mtoto wetu Aksanti alikuwa amelala kifuani pangu. Siku hiyo nusu ya mtaa ilifika mtoni kabla ya kugundua kwamba hakuna vita, na mzee wa kijiji akaja kumwomba Faida, kwa heshima zote, awe anatembea. Tangu hapo akawa anazunguka nyuma ya madarasa ya shule yangu, mahali ambapo aliye barabarani hawezi kumwona.

Kisha habari zikatufikia kwamba Goma kutakuwa na mashindano ya kuchagua wanawake watatu wa kwenda Kinshasa kuwakilisha mkoa. Kocha wake wa zamani alimwambia kwa simu kwamba mwanamke aliyezaa asahau mbio, angalau kwa miaka miwili. Faida alimshukuru kwa ushauri, akakata simu, akaniomba nitafute gari. Aksanti alikuwa na miezi mitatu.

Alhamisi alfajiri tulipanda lori la maharage la Papa Kambale, dereva ambaye watoto wake nimewafundisha kusoma. Alitupa nafasi mbele, karibu naye. Tulipokwisha kupita Rumangabo tukasimamishwa kwenye kizuizi, na askari akauliza tunakwenda wapi. Mke wangu hajui kusema uongo hata mdogo.

"Tunaenda Goma kukimbia," akasema.

Askari aliangalia barabara tulikotoka, akaishika bunduki vizuri. "Nani anabafukuza?"

Papa Kambale alilazimika kushuka na kumweleza kwa mikono kwamba ni mbio za michezo, mbio za viatu na namba mgongoni. Askari akamtazama Aksanti kwa muda, akauliza kama na huyo pia atakimbia, akafungua njia. Tulicheka hadi Kibumba. Hapo Faida alimnyonyesha mtoto kwenye baridi, akiwa amejifunika koti langu, na mimi nikanunua kabichi ya kumpelekea mwenyeji wetu.

Kabla ya kuingia Goma, kambi ya waliokimbia vita ilianza pande zote mbili za barabara, turubai nyeupe juu ya mawe meusi ya volkano. Nilikuwa nikitafuta nyuso za wanafunzi wangu. Niliziona mbili.

Mtaani Murara tulipokewa na Mama Zaina, rafiki wa marehemu mama yangu, ambaye wazazi wake walikuja na biashara ya vitambaa kutoka Maniema. Alimimina chai. Aliuliza kama arobaini imekwisha kupita, akaambiwa imepita zamani, akaguna. Kisha akamfundisha Faida kwamba maziwa ya mama aliyetoka mbioni ni ya moto na yamechoka: akamue kidogo chini kwanza, ndipo ampe mtoto. Muuguzi wa kwetu husema maziwa ni maziwa, lakini mgeni hamsahihishi mwenye nyumba. Na mimi sikuachwa. Alinifunga Aksanti mgongoni kwa kitenge chake, akaninyoosha mabega, akacheka mpaka akatoa machozi. Alisema hajawahi kuona mwanamume amebeba mtoto hivyo isipokuwa siku ya kukimbia bunduki. Nilicheka naye. Laiti ningesikiliza.

Ijumaa jioni Faida aliniomba jambo moja tu. Njia ya mashindano ingetoka mjini, ipite mbele ya kambi, igeuke, irudi. "Simama pale ku kambi, mahali naweza kumuona mutoto," akasema. "Nikimuona, nitatulia." Nikaahidi.

Jumamosi saa moja asubuhi wakimbiaji waliangushiwa kibendera, maana Goma huwezi kuanzisha mbio kwa kupiga bastola. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kufika kambini kwa pikipiki, nimesimama juu ya jiwe refu, Aksanti mgongoni. Nilijiona askari mwaminifu kabisa.

Mara ikatokea pikipiki ya polisi ikipiga king'ora, na nyuma yake wanawake wanakuja mbio. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo aliviacha, akanyakua watoto wake. Mwingine akaingia ndani ya turubai na kutoka na godoro. Neno lilipita kambini haraka kuliko wakimbiaji wenyewe: banakimbia. Nikapaza sauti kwamba ni michezo, hakuna vita. Walinigeukia, wakaniona. Mwanamume mzima, asubuhi, na mtoto mchanga mgongoni.

"Hata papa amebeba mutoto," mmoja akasema, na hapo ndipo walipoanza kukimbia kwelikweli, wengine wakaingia barabarani.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa tangazo la vita. Sikujua la kufanya, basi nikafanya kinyume. Nilishuka kwenye jiwe, nikakaa chini, nikamfungua Aksanti, nikamweka mapajani na kuanza kumvua soksi. Nikamvalisha tena polepole. Bibi mmoja mwenye godoro kichwani alipunguza mwendo mbele yangu.

"Weye haukimbie?" akauliza.

"Ni course tu, mama, mbio za michezo. Bibi yangu iko ndani."

Alinitazama, akatazama ile soksi, akashusha godoro na kukaa juu yake. Wengine wakaja kusimama kutuzunguka, wakiuliza, wakihema, wakiita watoto wao warudi. Nilifurahi. Ndipo nilipokumbuka kwamba nimezungukwa, na kwamba kutoka barabarani sionekani.

Kupitia katikati ya miguu ya watu nilimwona Faida akipita, wa tatu. Aligeuza kichwa upande wetu, akapita. Kisha akasimama, akageuka, akaanza kukimbia kurudi nyuma, akipishana na wenzake, akielekea kambini. Sijawahi kumwona na mbio kama zile. Nilinyanyuka na kumwinua Aksanti juu ya vichwa vya watu kwa mikono miwili, na Faida akamwona. Alisimama pale pale, akavuta pumzi, akageuka tena. Wanawake wanne walikuwa wamempita.

Nilipofika mjini roho ilikuwa juu. Alikuwa wa nne. Hatua mbili nyuma ya wa tatu, hivyo nilivyoambiwa. Yule kocha wake wa zamani, aliyekuwa akiandika matokeo, alikuwa akikunja karatasi yake, akasema watatu ni watatu. Faida alikaa kando ya ukuta, akageuka, akakamua maziwa ya kwanza juu ya mawe kama alivyofundishwa, akampokea mtoto. Alilia wakati mtoto akinyonya, bila sauti. Nilitaka kumwambia kwamba nilikaa chini, nikaona aibu, nikanyamaza.

Jumatatu tulirudi na Papa Kambale, safari hii lori likiwa na chumvi na mabati. Baada ya Kibumba sikuweza kuvumilia tena. Nilimwambia Faida yote: jiwe, kilio cha wale akina mama, soksi, ahadi niliyoivunja. Nikamwambia kwamba aliniomba jambo moja tu na mimi ndiye niliyemwangusha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama haungekaa chini, bale bamama bangekuwa wapi sasa?" akasema. Kisha akamvuta Aksanti karibu. "Mimi niliona batu na magodoro, na nyinyi hamuko. Nikafikiri vita imefika kweli."

"Na ukarudi kule?"

"Mutoto alikuwa kule."

Papa Kambale alizima redio. Faida aliegemea bega langu na kufumba macho, kisha akasema, kama mtu anayepanga kazi za kesho, kwamba mwakani Aksanti atakuwa anatembea na itakuwa rahisi. Mimi nilikuwa najua kukimbia kwa namna mbili: kukimbilia ushindi, na kukimbia vita. Goma ilinifundisha ya tatu, ya mama anayeikimbilia vita kwa sababu mtoto wake yuko huko.