Lenzi ya Kiema na Picha ya Pete

Kiema alianza kupiga picha Buruburu, mtaa wa Nairobi, wakati nyumba za awamu za mwisho za ujenzi zilipokuwa bado zinanuka rangi. Shule aliiachia darasa la saba kule Kangundo, na maneno hakuwa nayo mengi. Kamera ndiyo iliyomsemea. Kila Jumapili alisimama nje ya kanisa, akawapanga watu kwa kidole tu, na sebule nyingi za mtaa ule zilikuwa na picha zake ukutani.

Mwaka wa mvua za El Nino mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Picha za ndani ya nyumba zikawa zinarudi kutoka studio zina ukungu. Wateja walisema taa zilikuwa mbaya, naye akakubali kwamba taa zilikuwa mbaya.

Ndipo Wathome, karani na mzee wa kanisa, akampa harusi ya binti yake Ndindi. Katika kanisa lile mchungaji hakutaka flashi wakati wa kiapo. Stendi ya miguu mitatu nayo ilikatazwa, kwa sababu ujia ulikuwa wa akina mama wanaomwingiza bibi harusi wakicheza. Mpiga picha ilibidi asimame kwenye nguzo ya nyuma, azivute picha karibu kwa lenzi kutoka huko.

Kwa hiyo Kiema akaenda Eastleigh kwa Abukar, aliyeuza kamera na lenzi zilizotumika.

"Chukua hii, mzee wangu," Abukar akasema, akimwekea lenzi fupi mkononi. "Inaona karibu, inaona mbali. Harusi nzima lenzi moja, hubadilishi kitu."

"Nasikia kuna zingine zinatuliza picha mkono ukicheza."

Abukar akatoa lenzi nene kutoka kabati la kioo. "Ndiyo hii. Ina mashine ndani. Lakini ni ya mbali tu, na kamera yako ya zamani haiwezi kuiwasha. Ukiitaka hii, unabadilisha na kamera." Akacheka. "Na ya nini? Wewe mkono wako ni mwamba. Ama umeanza uzee?"

Hapo ndipo pa kusema. Kiema akageukia kabati la kioo.

"Ni rafiki yangu aliniuliza," akasema.

"Mwambie rafiki yako auze kamera, afuge kuku!" Kisha Abukar akawa makini. "Hii unayochukua, ukivuta mbali inakula mwanga. Weka filamu ya kasi, ile ya mwanga mdogo, na utulie kabisa. Ukivuta picha, umevuta na mtikisiko."

Kiema alilijua hilo. Akaingiza mkono wa kulia mfukoni, akaichukua lenzi kwa wa kushoto.

Siku ya harusi mambo yalianza vizuri. Nje kulikuwa na jua, na lenzi ikafanya alivyoahidi Abukar: kwa hatua moja akapata kofia zote za akina mama, bila kusogea akapata jicho la Ndindi chini ya shela. Kisha watu wakaingia, wakaketi, kanisa likanyamaza. Bwana harusi, Phares, dereva wa shirika moja mjini, akashika pete. Kiema akaegemea nguzo, akabana viwiko mbavuni, akazuia pumzi. Ndani ya kamera Phares na pete walikuwa wakipanda na kushuka. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Picha zilifunguliwa sebuleni kwa Wathome, watu wamejaa, chai ikizunguka. Za nje zilisifiwa moja moja. Ilipofika ya pete, shangazi mmoja akaishika karibu na dirisha.

"Haki, Phares! Ulikuwa unatetemeka hivi?"

"Mimi? Sikutetemeka!"

"Picha inadanganya? Tazama mkono! Huyu alikuwa anatafuta mlango!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. "Dereva ameona kona kali!" mwingine akadakia. Phares akamgeukia Kiema, nusu akicheka, nusu akiomba. "Mzee Kiema, wewe ulikuwepo. Waambie."

Macho yote yakamjia. Nyuma ya Phares, pale kwenye picha, mishumaa ya madhabahu ilikuwa imetetemeka pia, na msalaba nao, lakini hakuna aliyetazama huko. Kiema akafungua mdomo.

"Ilikuwa siku kubwa," akasema.

Wakacheka tena, na Phares akainamisha kichwa. Wathome akamshika Kiema bega: kulikuwa na ubatizo mwezi uliofuata, ndani ya kanisa hilohilo, na hakuna mwingine ambaye wangemwita. Kiema akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani alimwonyesha mkewe, Mbinya, nakala ya picha ile. Mbinya aliitazama, kidole chake kikapita juu ya Phares, kikaenda kwenye mishumaa, kikasimama kwenye msalaba.

"Baba Ndunge," akamwita kwa jina la mtoto wao, kisha akaiweka picha mezani.

Aliinuka, akamletea chai. Kikombe kilikuwa nusu, kiasi ambacho mkono ukicheza hakimwagiki. Kiema akakikodolea macho, akakumbuka cha jana, na cha juzi. Hakuweza kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipopewa kilichojaa.