Mayai Ambayo Sikuyajua

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ukila yai Arua, Koboko au Oraba mpakani, huenda limepita mikononi mwangu. Nilianza na trei mbili juu ya baiskeli. Leo nina lori, na nyumba Manibe yenye vigae mpaka chooni.

Kwa hiyo daktari aliposema shida ya mke wangu iko kwa mayai, nilimkatiza. "Daktari, mayai niachie mimi. Kuku ikigoma kutaga, badilisha chakula yake tu."

"Mzee, mimi si kuku," mke wangu akasema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza. Mayai ya mke wangu hayapevuki, ndiyo maana hedhi ilikuwa inapotea miezi mingi, na mtoto hatujapata. Tena damu isipotoka, ukuta wa ndani wa mji wa mimba unazidi kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka na miaka unaweza kugeuka kansa. Alichukua kipande kidogo cha ukuta huo kikapimwe; kikarudi safi. Akampa vidonge vya kuleta damu, awe anameza siku chache kila baada ya miezi michache.

Dada zangu wakaviona. Kwao, kidonge cha mambo ya hedhi ni cha kuzuia mimba, basi.

"Mtoto hakuna hapa, na bado uko nameza dawa ya kufunga?" mkubwa wao akamwuliza mbele ya wageni. "Hii vyumba yote, mutalaza panya?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Hakuna mchuuzi ambaye sijamshusha bei, lakini dada zangu walinishinda. Mke wangu akaomba kwenda kwa mama yake Koboko, ameze dawa bila kusimangwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa lori, nikarudi na trei tupu.

Sasa nalala chumba kimoja, vingine nafagia tu. Siku za vidonge zikiisha, napiga simu.

"Imekuja?"

"Bado."

Kesho yake, bado. Wanaume wa sokoni wakisikia mke hajaona mwezi, wananunuliana soda. Mimi nawaza ule ukuta unaonenepa.

Juzi alipokea kwa sauti ya kuchoka. "Imekuja, Mzee. Tumbo inauma."

"Pole, mama. Asante."

Alipokata simu, nilibaki nayo sikioni. Habari nzuri kama ile, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia.