Mchungwa Juu ya Dari la Ndizi

Mwezi wa saba, kwa siku nne tu, mche wangu wa mchungwa uliangusha majani yote kumi na moja. Haukuwa umenyauka wala kuliwa na mdudu. Majani yalianguka yakiwa mazima, ya kijani, na nilipoyafikicha yalitoa ile harufu kali, chungu kidogo, ambayo hadi leo nikikutana nayo sokoni Moshi huwa nasimama. Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini nimeaibika mbele ya ukoo mzima.

Niwaeleze ilivyoanza. Kwetu ni Uru, juu kabisa mlimani, kwenye vihamba vya mwisho, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, kabla ya msitu. Kahawa inakubali, migomba inakubali, lakini machungwa tuliyaona yakipandishwa kwa magunia kutoka tambarare kwenye joto. Krismasi ya mwaka uliotangulia, ndugu walipokuja nyumbani kutoka kila upande kama ilivyo desturi yetu, binamu yangu Godi, aliyeishi Shirimatunda, chini karibu na mji, alinikuta nakusanya mbegu za chungwa kiganjani.

"Unataka kupanda hizo? Huku?" akacheka. "Manka, huku hata kuku wanavaa sweta!"

Baba wadogo wakaangua kicheko. Nikatangaza kwamba Krismasi ijayo Godi atakuta mchungwa wenye majani, na asipoukuta nitamfulia soksi likizo nzima; akiukuta, atazifua mwenyewe mbele ya wote.

"Za kuchezea mpira," akasema Godi. "Zenye tope." Kila mtu alisikia.

Nililowesha mbegu, nikazifukia kwenye kopo la maziwa nililolitoboa chini kwa msumari, nikaliweka dirishani katika jiko la Bibi, lile la mbao lililokuwa kando ya nyumba. Mwezi ukapita bila kitu. Kisha siku moja udongo ukainuka kidogo, na kichwa cha kijani kikatokeza kimeinama kama mtu anayetafuta shilingi. Nyuma ya daftari langu la hesabu nikaanza kuandika habari zake: "Jani la tatu. Mvua. Ng'ombe amezaa."

Ukungu wa Juni ulipofika, dirisha likawa baridi kama jiwe la mtoni. Nikafikiri kwa utaratibu, na hilo najivunia hata kama nilikosea. Mahali penye joto kuliko pote palikuwa dari la jikoni, juu ya mafiga, ambako Bibi alivundika ndizi za kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi, amezifunika kwa majani makavu ya mgomba. Kama pamezifaa ndizi, nikasema, chungwa nalo ni tunda. Nikalipandisha kopo, nikaliweka katikati ya mikungu.

Mkungu mpya ulipoanza kuiva, majani yakaanguka.

Sikumwambia mtu. Nilimwagilia maji ya uvuguvugu, nikawasha moto zaidi, nikakwangua gome kwa ukucha kila asubuhi kuona kama ndani bado ni kijani. Bibi alikuwa akinitazama akikoroga sufuria.

"Bado anapumua?"

"Anapumua, Bibi."

"Basi mwache. Unamkwangua kama muhogo."

Siku moja nilirudi shuleni nikakuta dari tupu. Ndizi zote Bibi alikuwa amezihamishia banda la ng'ombe, amezifunika magunia. Kopo langu lilikuwa peke yake pale juu. Sikujali, nilifurahia nafasi. Baada ya wiki tatu kijiti kile kikatoa vichipukizi viwili, kisha vitano.

Krismasi, Godi alihesabu majani mwenyewe, mara mbili. Kumi na tisa.

"Umebandika na gundi," akasema, akavuta moja. Lilikatika.

"Haya, kumi na nane," Bibi akasema. "Na wewe vua soksi. Maji yapo kwenye ndoo."

Alizifua mbele ya baba wadogo wote. Nimeisimulia hadithi hiyo miaka mingi, shuleni, kazini, hata kwa wakwe, na kila mara ilikuwa hadithi ya msichana aliyeotesha mchungwa kwenye baridi kwa ukaidi wake mwenyewe.

Halafu, nikiwa mtu mzima, mama mmoja mwenye ghala la kuivishia ndizi pale mjini alinizuia nisiweke miche yangu ya maua mlangoni mwake. Ndizi ikiiva, alisema, inatoa hewa inayoangusha majani ya mimea mingine. Alisema hivyo akifagia, kama anayetaja bei ya chumvi. Niliinua miche yangu nikaisogeza kando. Kumbe baridi haikuwa na hatia. Mimi ndiye niliyeupeleka mchungwa kwenye sumu, na mtu mwingine ndiye aliyeiondoa. Najivunia bado, ila sasa ninayemjivunia si mimi.

Mbege ya mwaka ule ilichelewa, kwa sababu ndizi ziliivia kwenye baridi, na Babu alinuna hadi ilipokuwa tayari. Hilo Bibi analikumbuka vizuri. Ninachotaka kujua ni kama alizihamisha kwa kuwa alijua. Nimepanda Uru kumuuliza mara tatu. Mara ya kwanza alisema kuni zilikuwa mbichi, zilihitaji nafasi juu ya moto. Mara ya pili alisema ni panya. Mara ya tatu aliniuliza kama nimekula.