Kinu cha Mguu

Mwaka wa 1974 Kalunde, jirani yangu wa Zombe, alianguka tukichimba matuta shambani na mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kusaidiana. Bega lake la kulia likakataa kupanda. Sasa mke wa Ukambani asiyeweza kuinua mchi atakoboa vipi mahindi ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyotolewa maganda? Tulimhurumia. Naye akatukasirikia.

"Mguu wangu ni mzima," alisema.

Akamtuma mumewe, Kilonzo, akate mti mrefu unaopindika. Waliusimika ukainama juu ya kinu. Kwenye ncha Kalunde akaning'iniza mchi, kisha akashusha kamba hadi kwenye ubao wa chini. Ukikanyaga ubao, mchi unashuka, pu! Ukiachilia, mti unauinua wenyewe. Jamani! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nilikanyaga, nikakanyaga, sikutaka kumwachia mtu mwingine zamu!

Habari zilifika sokoni, na huko zikaharibika. Watu wakasema "kinu cha Kilonzo," ati kwa sababu mti ulikatwa na mwanamume. Nilimjua Kalunde, ilimuuma sana. Mimi damu ilinichemka. Kilonzo, mtu mwema lakini mpenda sifa, alitabasamu tu.

Siku ya maonyesho ya wakulima pale sokoni, kinu kilipelekwa kikasimikwa, na naibu wa chifu alimwita Kilonzo mbele apewe zawadi ya jembe.

"Hebu tuonyeshe kwanza, mzee."

Kilonzo akamimina mahindi, akakanyaga kwa madaha. Punje zikaruka huku na huku, zilizobaki zikavunjika vipande. Akina mama tukaangua kicheko. Alisahau maji! Mahindi ya muthokoi hunyunyiziwa maji kidogo ili maganda yalegee. Kila msichana anajua hivyo, lakini yeye hakuwahi kutwanga maishani mwake.

"Kwani kinu ni yako na hujui kutwanga?" nilimpigia kelele.

Kilonzo alijipangusa vumbi la mahindi usoni, akacheka mwenyewe. "Mama Mutunga, kuja hapa," akamwita mkewe. "Hii kinu ni yako. Mimi nilikata mti tu."

Kalunde akanyunyiza maji, akakanyaga. Punje zikatoka nyeupe, nzima! Alilipokea jembe kwa mkono wa kushoto, akaliinua juu, na vigelegele vyetu vikafunika soko lote. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata nilimkuta Kilonzo akimtengenezea dada yake kinu kama kile. Nikamuuliza anaunda nini.

"Kalunde," akajibu, bila kuinua kichwa. "Hii ni Kalunde ya pili."