Niliitika kwa Kichwa, Guka Akajiona Ameisha

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndani ya duka la bunduki mjini Nakuru. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani ili nisiangalie mtu. Kosa ni langu. Nalisema mapema ndio msije mkamlaumu mwenye duka, wala mbwa.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, na nina aibu. Si ile aibu ya kupendeza ya kuinamisha macho wageni wakija. Ni ile ya kupitishwa steji yako na matatu na kurudi kwa miguu kwa sababu umeshindwa kumwambia makanga akushukishe. Mambo yangu huyaandika kwa daftari. Daftari halikuulizi kitu.

Sasa kwa hekima yao, watu wetu wa kule kijijini Bahati waliamua mimi ndiye msemaji wa familia. Eti niko na Kiingereza.

Guka, yaani babu yangu, anafuga kondoo. Ana leseni ya bunduki tangu kabla mamangu azaliwe, na kazi ya hiyo bunduki ni moja tu: mbwa wasio na mwenyewe, wanaokuja kwa kundi alfajiri na kurarua wanakondoo. Kila alfajiri Guka alizunguka shamba lote nayo begani, akipanda na kushuka. Mara nyingi hata hakupiga. Mbwa wakimwona akiinua tu, walikumbuka wana shughuli kwingine. Hiyo ya zamani ilipochakaa, akaruhusiwa kuibadilisha.

Dukani tuliwekewa mbili mezani. Moja nyembamba, ya kawaida. Nyingine mtutu wake ulikuwa mnene kama mchi. Guka akatoka kwenda kupiga kopi ya kitambulisho, akamwambia mwenye duka, "Mweleze huyu msichana. Chenye atachagua ndicho nitabeba."

Na alinieleza, jamani. Pole pole, kwa heshima, kama ananifunza. Alisema hii ya mtutu mzito inalenga vizuri sana kwa sababu haitikisiki, na ukipiga mara nyingi haipati joto haraka. Lakini ni ya mtu anayelala chini, anaiegemeza kwa kitu, anangoja mnyama aje. Ya kutembea nayo ni ile nyingine. Hii, akasema, hata kijana akizunguka nayo kilimani itamshinda.

Halafu akauliza, "Sasa mzee wako huwa analala akingoja, ama anatembea nayo?"

Swali la mtoto wa chekechea. Mimi nikaitika kwa kichwa.

Swali ni hii ama ile, na mimi naitika! Akangoja. Nikaitika tena, kwa bidii zaidi, labda alikuwa hajaona. Akasaidia: "Analala akingoja?" Nikaitika mara ya tatu. Ningesema hapana, angeuliza lingine. Ningesema anatembea, ingebidi sauti itoke. Kuitika kulimaliza mambo vizuri kabisa.

Guka aliporudi nilimwonyesha ile nzito kwa kidole. Alifurahi, kwa sababu kwetu kitu kizuri ni kizito. Blanketi, sufuria, jembe, vyote hupimwa kwa mkono. Akaiinua, akaishusha, akamwambia mwenye duka, "Unaona faida ya kusomesha?"

Ndiyo. Faida mliiona.

Karatasi zilichukua muda wake, kisha bunduki ikafika nyumbani. Wiki ya kwanza Guka alizunguka nusu ya shamba. Wiki ya pili, mpaka kwa tangi la maji. Wiki ya tatu alikuwa akifika kwa geti ya boma la kondoo, anaegemea nguzo, anahema kama aliyebeba gunia la viazi kutoka mtoni.

Mbwa nao hawakuhitaji kwenda shule. Alfajiri moja waliingia Guka akiwaona. Anainua mtutu, unashuka. Anainua, unashuka. Wakachukua mwanakondoo mmoja na kuondoka bila haraka, kama watu wanaotoka sokoni.

Jirani yetu Baba Shiro alikuja kumpa pole. Akaitazama ile bunduki, akasema, "Mzee, hii ni bunduki ama umeng'oa reli?" Wazee wenzake wawili waliokuwa naye wakacheka. Guka pia alicheka, kidogo. Tangu siku hiyo hakuenda tena kukaa nao pale kwa duka la kijijini.

Jioni Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa anamkanda bega kwa maji moto. Akauliza kwa nini hii chuma isirudishwe ilikotoka.

"Chuma haina makosa," Guka akamwambia. "Msichana alichagua vizuri. Ni mimi nimeisha."

Karai la maji nilikuwa nimelishika mimi. Mngeona vile nililishika, hata tone halikumwagika. Mjukuu wa kutegemewa! Halafu nikaenda kwa daftari langu, mahali pa ukweli wote, nikaandika kuhusu mtihani wa Kemia.

Najua mtasema ni bunduki tu. Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini Guka aliacha kuzunguka asubuhi. Akaacha kunyoa ndevu. Akaanza kukaa kwa kiti cha jikoni na kumuuliza Cucu dawa ya saa ngapi, mtu ambaye dawa alikuwa anazisahau kwa mfuko wa koti. Alikuwa anazeeka kwa kasi, na sababu niliijua mimi pekee.

Ijumaa moja baada ya chai ya jioni akaniita. Alitaka barua ya Kiingereza, ya kurudisha bunduki na leseni. "Andika mwenyewe amezeeka, hawezi tena. Na kondoo nitawauza Jumatatu."

Mnadhani nilisema? Nilichukua kalamu. Niliandika barua safi, yenye aya tatu, na nikatafuta kwa kamusi neno zuri la kusema mtu amedhoofika. Nilipolipata nikalitazama, nikalitazama tena, na mkono ukakataa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta bomani akiwapa kondoo chumvi. Nikasimama nyuma yake, kwa sababu mgongo hauna macho.

"Guka, yule mtu wa duka aliniuliza kama unatembea nayo."

"Ukamwambia?"

"Niliitika."

"Uliitika nini?"

Nikamwambia yote. Mtutu mzito, kulala chini, kungoja, kijana kushindwa kilimani. Sauti ilitoka imekatikakatika, lakini ilitoka. Hakugeuka. Kondoo walimaliza chumvi mkononi mwake, wakaanza kulamba vidole.

"Kwa hivyo miezi hii yote mimi si mzee?"

"Wewe ni mzee, Guka. Lakini si hivyo."

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia, ama anacheka, sijui. Alipogeuka hakuwa anacheka wala hakuwa analia. Akapangusa vidole kwa koti, akasema, "Nenda umwambie Cucu. Kisha Baba Shiro. Kisha wale wawili walionicheka. Kwa mdomo, si kwa kichwa. Barua nitachoma mimi."

Nilitamani anichape. Ningepona haraka.

Wewe unayesoma, unayejiita mpole, unayeitika ili mtu akuondokee: huo si upole. Kuna mtu anabeba kile ulichokiitikia, na anadhani uzito ni wake. Sema hapana. Sema sijui. Sema ukitetemeka, lakini sema.

Cucu alinisikiliza akipepeta maharagwe, na nilipomaliza akaendelea kupepeta. Kwa wale wazee wawili nililia njiani, nikajipangusa, nikaongea. Baba Shiro nilimwacha wa mwisho, na kwake nilisimama nje ya geti mpaka mbwa wake akachoka kunibwekea. Akatoka na kikombe mkononi, akauliza nimetumwa nini.

Nikasema, "Sijatumwa kitu. Nimekuja kukwambia Guka hajaisha."