Tope la Ukingoni

Dereva wa katapila la manispaa alizibua mto wiki nzima, akarundika tope ukingoni likauke. Aliagizwa alisogeze mbali, akaona uvivu. Mvua kubwa ikalirudisha mtoni, maji yakakosa njia ya kwenda baharini, yakaingia nyumbani kwa dada yake.

Asubuhi alikwenda kumsaidia kuanika magodoro.

“Ndugu ndiye huyu,” dada aliwaambia majirani. “Siyo wenzake wa manispaa, kazi yao kula na kulala!”

Majirani walicheka. Yeye aliendelea kukamua godoro lisilotoa tena hata tone.

“Dada, tope lile la ukingoni nililiacha mimi.”

Kicheko kilikatika. Dada alimpokonya godoro.

“Basi nenda kalizoe. Magodoro haya nitayaanika mwenyewe.”