Siku Niliyomkalisha Mama Neema

Aibu hii nimewaficha wateja wangu wa Katoro mwaka mzima, lakini ninyi tumezoeana, acha niiseme. Mimi ni fundi wa redio na simu, kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, na sifa yangu ni utaratibu (hilo ndilo lililoniponza).

Mama Neema, mjane wa mwalimu wangu wa hisabati kule Didia, aliniita kwenye kumbukumbu ya marehemu. Alitaka niwashe kompyuta ya Mwalimu, ile ya zamani ambayo yote iko ndani ya kibodi, inachomekwa kwenye TV ya kichogo na kusoma programu zake kutoka kwenye kaseti. Shemeji yake, Baba Masanja, alikuwa akisema mbele za watu kwamba kaka yake alipotezea maisha kwenye lidude lile. Mama Neema alitaka aone kilichokuwemo, basi.

Kaseti ilikuwa moja, na juu yake Mwalimu alikuwa ameandika "anza 015". Nikaitia kwenye redio kaseti, nikaipeleka mbele hadi kaunta yake ikasoma 015. Mama Neema akanyoosha mkono kama anayetaka kuirudisha, nami nikamwambia kwa upole wa kitaalamu, "Mama, kaa tu, vitu hivi vina utaratibu wake."

Ningechomeka waya wa redio kwenye kompyuta kimya kimya, yangeisha. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwahutubia wageni jinsi kompyuta zilivyotoka kwenye kaseti zikaenda kwenye diski hadi hizi simu za mfukoni, wakawa wananisikiliza, nikanogewa, nikaona niwasikilizishe programu inavyolia inaposomwa, nikasogeza maikrofoni ya kwaya kwenye redio kaseti na kubonyeza.

Jamani. Mlio uliotoka kwenye spika mbili za kwaya ulikuwa kama bati linalokatwa kwa msumeno. Katekista akaanza sala ya kukemea pepo, mama mmoja wa kwaya akakimbia na sahani yake ya wali, mimi nikaruka kuzima, mguu ukanasa kwenye waya, maikrofoni ikatumbukia kwenye sufuria la maziwa mgando.

Kimya kiliporudi, Baba Masanja akauliza kwa utulivu, "Fundi, ndicho hiki kaka alichokuwa anakilisha umeme?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mkono ndani ya maziwa hadi kiwiko.

Mama Neema hakucheka. Akanipita, akarudisha kaseti hadi mwanzo kabisa, mahali ambapo kompyuta haina cha kusoma, akabonyeza. Ikatoka sauti ya Mwalimu, taratibu, na lafudhi yake ya Kisukuma: "Hii ni ya kumfundisha Mama Neema kusoma. Herufi ziwe kubwa, macho yasimuume. Akikosea, imwandikie: jaribu tena, mke wangu."

Baba Masanja akavua kofia. Miaka yote Mama Neema ndiye aliyemsomea barua zake, na hakuwahi kuuliza alijifunzia wapi.

"Nilitaka kukwambia, mwanangu," Mama Neema akasema, "huwa anaongea kwanza, ndipo inalia. Ukanikalisha."

Nikafuta mkono kwenye suruali, nikachomeka waya inavyotakiwa, tukasubiri dakika kadhaa hadi herufi A ikajaa kwenye kioo. Baba Masanja akasogeza kiti karibu. "Soma, shemeji," akasema, "nasi tusikie." Mama Neema akasoma.

Nimeapa: kitu cha mtu sikigusi tena kabla mwenyewe hajamaliza kusema. Na anaposema, anayekaa ni mimi.